Majani ya mwarobaini, chembe za fedha na pipa jeusi la Gikomba

Barua tatu za mwezi huu zimeangukia jambo moja: maji ya kutia rangi nguo, na dawa mpya ya kuyasafisha inayotengenezwa kwa majani ya miti na madini. Nimezipokea kwa furaha. Kabla sijaingia ualimu wa kemia nilikuwa maabara ya kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna hatari ya mtu kufa.

SWALI: Mwalimu, salamu sana. Mimi hutia rangi jinzi za mtumba hapa soko la Gikomba, Nairobi, nyeusi zaidi, buluu mara moja moja. Mpwa wangu anasoma kemia chuo kikuu. Juzi alikuja na chupa ya maji ya kahawia aliyoyatengeneza kwa majani ya mwarobaini na dawa ya madini ya fedha. Alitia matone kwenye glasi ya maji ya buluu, akaongeza unga mweupe kidogo, na buluu yote ikaisha tukiangalia. Anasema hizo ni chembe za nano. Mimi humwaga mapipa kila siku, na wakaguzi wa mazingira wameanza kuja. Nikinunua hiyo dawa ya fedha na kuchemsha mwarobaini, maji yangu yatakuwa safi niyamwage bila wasiwasi? Mpwa wangu pia alisema kuna njia nyingine ya kutia asidi kwanza. – Mtia rangi, Gikomba

JIBU: Ndugu yangu, nianze na asidi. Usitie asidi ya aina yoyote kwenye pipa la rangi nyeusi. Si maji ya betri, si siki, si ndimu. Hukusema rangi yako ni ya aina gani, lakini ikiwa pipa hunuka mayai viza na kitambaa hukolea weusi baada ya kupigwa na hewa, hiyo ni rangi ya salfa. Rangi hiyo huyeyushwa kwa sodiamu salfaidi. Salfaidi hutulia ndani ya maji maadamu maji yana magadi makali, pH ya 11 hivi (pH ni kipimo cha asidi na magadi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi). pH ikishuka chini ya 7, sehemu kubwa hugeuka kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutanda chini, kwenye mitaro na vibanda visivyo na dirisha. Ikiwa kidogo utaisikia harufu. Ikizidi, pua huacha kuinusa kabisa, na mtu hubaki pale akidhani imeisha. Kiwandani hakuna aliyeruhusiwa kugusa bomba la maji ya rangi nyeusi kabla ya kuweka juu yake karatasi iliyolowekwa asetati ya risasi. Karatasi ikigeuka nyeusi, salfaidi ipo, na kila mtu hurudi nyuma.

Mpwa wako hakukudanganya kuhusu asidi. Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton alieleza jinsi chuma na haidrojeni peroksaidi zinavyoshirikiana kuunguza vitu vigumu ndani ya maji, na njia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa karibu na 3. Kwa rangi nyingine nyingi inafaa. Kwa pipa lako ni sumu.

Sasa tuitazame chupa yake. Alichokifanya ni kweli, tena ni kemia nzuri. Majani ya mwarobaini yana polifenoli na flavonoidi, viungo vilivyo tayari kutoa elektroni. Nitrati ya fedha ikiyeyuka majini, kila atomi ya fedha huwa imepungukiwa elektroni moja. Mchuzi wa majani huirudishia. Atomi za fedha hukusanyana, na viungo vingine vya jani huzizunguka zisiendelee kukua. Matokeo ni chembe zenye upana wa nanomita chache hadi makumi kadhaa. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa takriban nanomita 80,000. Ule ukahawia haukutoka kwa majani peke yake. Fedha ikiwa ndogo kiasi hicho hunyonya mwanga wa zambarau na buluu, kwenye nanomita 400 hadi 450, na jicho hubakiwa na manjano na kahawia. Murali Sastry na wenzake huko Pune, India, walitumia mchuzi wa mwarobaini namna hiyo hiyo mwaka 2004, kwa fedha na kwa dhahabu, na tangu hapo sijui kama kuna jani ambalo halijajaribiwa. Sababu ya njia hii kupendwa ni nzuri: mtu hahitaji kemikali kali kuzitengeneza chembe hizo, na majani yapo.

Lakini nataka uufikirie ule unga mweupe. Bila shaka ni sodiamu borohaidraidi, ndiyo inayotumika kwenye jaribio hili kila mahali, na ndiyo iliyotoa elektroni zilizoifuta buluu. Chembe za fedha zilikuwa kivuko tu cha kuzipitisha haraka. Mwambie arudie jaribio lile lile bila unga, utaona buluu inavyokawia. Unga huo una bei, ukigusa maji hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na huacha boroni ndani ya maji. Kwa glasi moja darasani sioni neno. Kwa mapipa yako ya kila siku siukubali.

Na buluu yenyewe ilikwenda wapi? Mara nyingi rangi ya maonyesho haya ni methilini bluu, rangi iliyotengenezwa mara ya kwanza na Heinrich Caro mwaka 1876. Ikipokea elektroni hupoteza rangi, lakini mwili wake unabaki mzima ndani ya maji. Ikikutana tena na oksijeni hurudi buluu. Walimu wenzangu huwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chupa yenye glukosi, kostiki soda na methilini bluu: ikitulia haina rangi, ukiitikisa ni buluu, ikitulia tena haina rangi. Muulize mpwa wako kama aliitikisa glasi yake na kuiacha wazi baada ya unga kuisha nguvu. Kama hakufanya hivyo, bado hajajua alichokifanya.

Rangi nyingi za nguo zina jambo baya zaidi. Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumika duniani ni za jamii ya azo, ambazo umanjano au wekundu wake hutegemea naitrojeni mbili zilizoshikana katikati ya molekuli. Ukikikata kiungo hicho, rangi inakufa papo hapo na wote mnashangilia. Vinavyobaki ni vipande viwili vinavyoitwa amini, na baadhi ya amini hizo, benzidini ikiwa mojawapo, husababisha saratani ya kibofu. Maji hayo hayana rangi machoni na yanaweza kuwa na sumu kuliko yalivyokuwa mekundu. Hapa ndipo ninapokataa kukaa kimya mtu akiniletea picha ya glasi mbili, moja yenye rangi na nyingine isiyo na rangi, akasema maji yamesafishwa. Jicho halioni amini. Halioni chumvi, wala fedha iliyoyeyuka.

Chumvi ndiyo itakayoiangusha dawa hii Gikomba hata kabla ya hayo yote. Ninyi hutia chumvi ili rangi ishike pamba, sivyo? Kwenye rangi zinazojifunga na uzi, gramu 40 au zaidi kwa lita moja ni jambo la kawaida. Fedha iliyoyeyuka ikikutana na chumvi hiyo huwa kloridi ya fedha, unga mweupe unaozama chini. Chembe za nano nazo hupoteza kinachozitenganisha, zikagandana na kuzama. Pipa la salfa ni baya zaidi, kwa kuwa salfaidi huigeuza fedha kuwa masizi meusi. Ungekuwa unamwaga pesa. Na fedha itakayoponea itaendelea na safari yake hadi kwenye mabwawa ya maji taka ya Ruai, ambako bakteria ndio wanaofanya kazi ya kusafisha. Fedha huua bakteria. Ndiyo maana hutiwa kwenye bandeji za vidonda.

Basi ufanye nini? Pipa la rangi ya salfa si la kumwagwa kila siku. Likishatoa jinzi, bado lina rangi na salfaidi nyingi. Liache, ongeza kiasi kilichotumika, tumbukiza jinzi nyingine. Viwanda vimefanya hivyo na pipa moja kwa muda mrefu. Maji ya suuza ya kwanza, yale mazito, yatumie kujazia pipa, usiyamwage. Ukifanya haya mawili tu utakuwa umepunguza uchafu na gharama kuliko dawa yoyote itakavyopunguza, na hayahitaji chuo kikuu.

Yale maji ambayo ni lazima yatoke, yaweke mahali peupe penye upepo, yakiwa bado na magadi yake, uyakoroge na kuyamimina juu ili yapate hewa. Rangi ya salfa ikishiba oksijeni huacha kuyeyuka na huanza kutuama. Salfaidi iliyobaki hushikwa na salfeti ya chuma, ile ya chembe za kijani inayouzwa na wauza kemikali za viwandani; huwa tope jeusi lisiloyeyuka. Itie kidogo kidogo ukiwa na chokaa karibu, na karatasi za pH mkononi, pH isishuke chini ya 9. Usiifanye kazi hii peke yako mara ya kwanza. Mwite huyo mpwa, yeye anajua kupima. Tope likitulia, maji ya juu yapite kwenye mchanga. Tope lenyewe lisirudi mtoni na lisikutane kamwe na maji ya betri, kwa kuwa litaitoa ile gesi upya. Likaushwe, lichukuliwe na msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Hata baada ya kazi yote hiyo, maji hayo ni ya bomba la maji taka, kwa kibali cha kampuni ya maji ya Nairobi, si ya mto. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kwa maji yanayoingia mtoni miligramu 30 kwa lita za BOD na 50 za COD. Hivyo ni vipimo vya oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu uliomo, cha kwanza kwa bakteria, cha pili kwa kemikali. Mtu mmoja mwenye pipa na sufuria hafiki huko. Mko wengi mnaofanya kazi hii kando ya mto mmoja. Tangi moja la kutuamisha la kuchangia, pampu moja ya hewa na mtu mmoja wa kupima pH vinawezekana mkikaa kikao. Mkiunda kikundi, niandikieni, nitakuja kuliona eneo lenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa nne, Nairobi. Nataka mradi wangu uwe chembe za chuma zilizotengenezwa kwa makapi ya majani chai, badala ya fedha, ili kuondoa rangi ya nguo. Msimamizi wangu anasema mada imechoka, kila mtu ameifanya. Niiache? – Mwanafunzi wa kemia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiiache, ila usiifanye kama wengine. Kilichochoka ni kuchukua jani jipya na rangi ile ile na kuonyesha kwamba asilimia 90 na zaidi imeondoka. Tatizo la maji halijachoka, nenda Mto Ngong unapopita Mukuru ukalitazame.

Chuma ni chaguo zuri: ni rahisi kununua, na mabaki yake hayatishi kama fedha. Makapi ya chai nayo hayatatuishia nchi hii. Tena wazo lina historia. Mwaka 2009 George Hoag, Rajender Varma na wenzao, Marekani, walichapisha kazi ya chembe za chuma zilizotengenezwa kwa chai ya kijani, wakazitumia pamoja na haidrojeni peroksaidi kuivunja rangi ya bromothaimoli bluu.

Jihadhari na weusi. Ukichanganya chai na chumvi ya chuma, mchanganyiko huwa mweusi mara moja, na wanafunzi wengi huandika hapo hapo kwamba wamepata chuma halisi. Tanini na chuma hutoa weusi huo hata bila chuma kuwa metali. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa hivyo. Angalia nguvu zenyewe: fedha hupokea elektroni kwa volti +0.80, chuma kilichopungukiwa elektroni mbili kwa volti −0.44, na volti zikiwa chini, kupokea ni kugumu zaidi. Polifenoli inayoiweza fedha kwa urahisi haimaanishi inakiweza chuma. Vipimo vya mionzi ya eksirei vikikosa kuonyesha metali, andika ulichokipata, yaani muungano wa chuma na polifenoli, na usione haya. Muungano huo unaweza kufanya kazi na peroksaidi vizuri tu.

Kisha kuna chai yenyewe. Ni maji ya kahawia yaliyojaa viungo vya mmea vilivyoyeyuka, na yote huongeza COD. Mradi unaofuta buluu na kuongeza COD umechafua maji. Kwa hivyo pima COD kabla na baada, na weka glasi ya kulinganishia yenye chai bila chuma, nyingine ya chuma bila chai, nyingine ya peroksaidi peke yake. Uliza pia kama rangi imevunjika au imejibandika tu kwenye chembe: chukua ule unga mweusi, uoshe kwa ethanoli au kostiki soda nyepesi. Rangi ikirudi kwenye kioevu, haikuvunjika, imehama. Hilo si kosa, mkaa hufanya kazi hivyo hivyo, lakini basi sema utaupeleka wapi unga ukishiba.

Na tafadhali usitumie maji yaliyochujwa ya maabara peke yake. Weka chumvi, weka magadi ya Ziwa Magadi kama watia rangi wanavyoweka, weka sabuni. Jani la chai la msimu wa mvua si sawa na la kiangazi, kwa hivyo tengeneza mafungu kadhaa uone kama yanafanana. Pima chuma kinachobaki majini mwishoni. Ukiweza kuzishikilia chembe kwenye mkaa au udongo, ili zisiende na maji, utakuwa umefanya kitu ambacho msimamizi wako hataweza kukiita cha kuchoka. Matokeo yakiwa mabaya, yaandike. Nitamheshimu zaidi mwanafunzi aliyeonyesha kwamba gramu 50 za chumvi ziliua dawa yake kuliko aliyenionyesha glasi nyeupe.

SWALI: Mwalimu, mimi hulima sukuma wiki na terere huku Njiru. Vijana walikuja wakasema kuna mradi wa kusafisha maji ya rangi kwa majani na madini, na kwamba maji yakishasafishwa tutapewa bure ya kunyunyizia. Niyakubali? – Mama wa sukuma wiki, Njiru

JIBU: La, mama, si kwa sasa. Hata dawa ikifanya kazi yake yote, haiondoi chumvi. Sodiamu ikizidi, udongo wetu mweusi wa upande huo hushikamana, maji hayapenyi, na shamba huchukua muda mrefu kupona. Madini waliyotia pia yanaweza kubaki, na mboga za majani ni miongoni mwa mimea inayoyabeba hadi sahanini. Umesema bure, nami najua maji yalivyo ghali kiangazi, ndiyo maana sitaki wakuchukulie shamba kwa jambo lisilopimwa.

Wakirudi, waombe karatasi ya vipimo yenye mambo haya: COD, sodiamu, madini waliyotumia, na jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho ndicho kipimo cha haraka cha chumvi. Wakikosa karatasi, waombe lita moja ya maji yao nawe ujipimie hatua ya kwanza. Chukua visahani viwili, tandika tishu. Kimoja kiloweshe kwa maji ya mvua, kingine kwa maji yao. Panga mbegu 20 za sukuma kwenye kila kimoja, funika, weka mahali pa kivuli. Siku ya tano hesabu zilizoota na pima urefu wa mizizi kwa rula. Mizizi ya upande wao ikiwa mifupi, au ncha zimegeuka kahawia, warudishie maji yao. Ikiwa sawa, bado hujaiona chumvi inayojikusanya msimu baada ya msimu, wala madini ndani ya jani, kwa hivyo karatasi ya maabara bado unaidai.